Sijauza Hata Moja

Saa tisa kamili alasiri Kijiwe kilifunguliwa, na mtu wa kwanza kuzomewa alikuwa Mzee Stesheni, kama ilivyokuwa kila siku ya Mungu.

"Migomba inayotoa umeme," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza kutoka Kigoma. "Jamani. Nimekula ndizi miaka sabini na moja. Sijawahi kupigwa shoti hata siku moja."

Taa ndogo pembeni mwa jina lake ikawaka kijani. Watu mia tisa na ushee waliokuwa wakisikiliza wakaangua kicheko, nusu kwa raha na nusu kwa hasira, maana wengi wao walikuwa wameshanunua hisa za Mgomba Nuru na hakuna anayependa fedha yake ifanyiwe mzaha.

"Mzee, wewe baki na reli yako," akadakia jamaa mmoja wa Songea. "Hisa ilianza shilingi kumi na mbili, leo ni mia mbili na themanini. Ungenunua kipindi kile tunakubembeleza, saa hizi ungekuwa umekalia kochi la ngozi." Kijani.

"Kochi ninalo. La mninga." Kijani.

"Ile kampuni ina wafanyakazi kumi na mmoja tu, ofisi yao iko juu ya duka la viatu," mwanamke fulani akasema. "Mimi nadhani itafika elfu." Njano. Watu wakamzomea na yeye: mwenye kudhani akadhanie kwao.

Tusekile Mwaipasi alikuwa jikoni kwake Tukuyu, anaambua maharage mabichi, kioo chake cha Kijiwe kimeegemezwa kwenye chupa ya chai. Hakuwa na haraka. Alijua kwamba wataropoka wee, kisha watamwita. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minne, na tusidanganyane, alikuwa akipenda kuitwa.

Nieleze hapa, kabla hatujaenda mbali. Kwenye Kijiwe, baraza hili la mtandaoni, huandiki; unasema kwa mdomo wako, na unaposema unakuwa na shahidi chini ya taya. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi. Kilikuja baada ya ule mwaka ambao wastaafu nchi nzima waliingizwa mkenge na mafundi wa maneno waliokuwa wakipigia debe kampuni za hewa mitandaoni. Wengine walikufa kwa presha. Wakubwa wakakaa, wakaamua: anayetaka kuzungumzia bei ya hisa hadharani na avae shahidi. Ukisema unachokiamini, kijani. Ukiwa na shaka, njano. Ukisema usichokiamini, nyekundu, na unafungiwa nje mwaka mzima.

Na shahidi hachezewi. Hasomi mapigo ya moyo kama mashine za kale ambazo mwizi mzoefu alizilaza usingizi. Anasoma ule mwanya mdogo ndani ya ubongo, kati ya jambo unalolijua na neno linalotengenezwa na ulimi. Watu wamejaribu pombe, wamejaribu vidonge, wamejaribu kufunga na kuomba. Wapi! Kitu kimoja tu shahidi hakijui, nacho ni dunia yenyewe. Ukiamini kwamba mwezi ni chapati, useme, utawaka kijani.

"Muiteni Sista," sauti zikaanza. "Sista Tuse yupo? Sista!"

Tusekile akajifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa nesi mkunga miaka thelathini na minne, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kumwambia mzazi asukume. Katika miaka minne ya Kijiwe hakuwahi kuwaka nyekundu. Hata njano hakuwahi.

"Nipo wanangu. Mwezi wa nne nilikwenda Lupambwe, kwenye shamba la mfano. Shamba ni la mdogo wangu wa tumbo moja, Atuganile. Niliona migomba mia na ishirini imevishwa waya wa shaba. Nilifuata waya kwa mkono wangu huu, toka kwenye tunguu la mgomba pale mizizini hadi kwenye balbu. Hakuna betri, hakuna jenereta. Nyumba sita zilikuwa zinawaka. Niliona kwa macho yangu."

Kijani, kijani, kijani. Kabla hajamaliza kunywa funda la chai, hisa ikawa mia mbili na tisini na tano.

"Naandika," akasema Mzee Stesheni.

Wakacheka tena. Mzee huyo, jina lake halisi Bukuru, alikuwa mkuu wa stesheni hadi alipostaafu, ndiyo maana ya jina, na maisha yake yote aliandika kila treni iliyopita: saa, namba, taa aliyoipa. Treni zilipokwisha maishani mwake akahamishia daftari kwenye Kijiwe. Saa, msemaji, rangi. Alikuwa na madaftari tisa.

"Umeandika, sasa nunua basi," Tusekile akamtania.

"Mama, kiinua mgongo changu mtakiona kwenye picha. Wanangu wa kuzaa wamekiomba, wakatoka kapa. Itakuwa mgomba?"

Walipendana, wale wawili, kwa namna ya watu ambao hawajawahi kukutana. Miaka minne ya kupingana kila alasiri. Siku mzee alipoumwa malaria, Tusekile ndiye aliyeuliza kwanza mbona Stesheni kimya.

Jioni hiyo, akiwa bado na maneno matamu ya watu masikioni, ukaingia ujumbe wa Atuganile. "Dada, njoo kesho. Usilete mtu. Usivae hicho kidude."

* * *

Saa nne asubuhi ya Jumamosi alikuwa amesimama kwenye shamba la mdogo wake, na harufu ilimpiga kabla hajaona. Ilikuwa harufu ya pombe iliyochacha, pombe ya kumwaga.

Atuganile hakusema shikamoo. Alichukua panga, akaligusisha tu kwenye shina la mgomba. Panga likazama lenyewe. Ndani lilikuwa jeusi, maji yakachuruzika hadi kwenye kandambili za Tusekile.

"Mwe!" Tusekile akaruka nyuma. "Ni ugonjwa gani huu?"

"Ni ile chanjo yao." Atuganile alikuwa ameuma meno. "Wanadunga tunguu, wale wadudu wao wanakula sukari ya mgomba, ndipo umeme unatoka. Wiki tatu mgomba unawaka vizuri. Wiki ya nne unalegea. Ukifika msimu wa pili unaoza ukiwa umesimama. Na hawaishii hapo, dada, wanashuka. Njoo uone."

Akachimba kwa jembe. Udongo ulikuwa wa kijivu, umekauka kama majivu ya mafiga, na hapakuwa na hata mnyoo mmoja. Mahindi aliyopanda pembeni hayakuota. Maharage hayakuota. Upande wa chini, migomba ya jirani ambayo haikuwahi kudungwa chochote ilikuwa imeanza kuinama.

"Lakini mimi niliona," Tusekile akasema. "Mwezi wa nne. Nilishika waya."

"Ulikuja siku ya nane."

"Siku ya nane ya nini?"

"Ya kupandikiza. Walileta migomba mipya kwa lori, wakang'oa iliyooza, wakapanda, wakadunga. Kisha yule kijana wao, Edgar, akasema aitwe nesi. Akasema hivi, nilimsikia kwa masikio yangu: 'Mleteni yule nesi, mwonyesheni kila kitu, mwacheni ashike anachotaka, ila asiambiwe kitu.'"

Tusekile akatafuta pa kukaa, hakupaona, akakaa kwenye mpini wa jembe.

"Na wewe ukanyamaza. Atu! Mdogo wangu!"

"Nilitia saini karatasi ya kufunga mdomo. Na ningekwambia ungesema. Wewe huwezi kuficha, mwenyewe unajisifu." Atuganile alianza kulia kwa hasira, machozi anayafuta kwa mkono wenye udongo. "Wao hawakutaka mwongo, dada. Mwongo angewaka nyekundu. Walitaka mtu mwaminifu asiyejua kitu. Wakakutafuta, wakakupata."

Tusekile alikuwa amewahi kutukanwa na wagonjwa, na wakwe, na madaktari watoto wa juzi. Hakuna tusi lililowahi kumuingia kama hilo.

"Leo unaniambia kwa nini?"

"Kwa sababu sina cha kupika. Na kwa sababu wameleta karatasi za kuchanja mashamba mengine mia mbili. Fedha ya kuchanja inatoka kwenye hisa mnazonunua."

* * *

Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye Kijiwe Jumatatu na kusema. Hiyo ndiyo nia aliyotoka nayo Lupambwe. Lakini aliona si vizuri wanawake wa kikundi chake cha akiba, ambao walinunua hisa kwa neno lake, wasikie habari hiyo pamoja na watu baki, akawaita Jumapili baada ya ibada, nyuma ya kanisa, pale wanapochemshia chai. Ilikuwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyommaliza.

Walikuwa kumi na tisa. Aliwaeleza yote. Mmoja akaendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Mama Lugano, mwenyekiti, ndiye aliyefungua mdomo.

"Utasema lini?"

"Kesho saa tisa."

"Saa tisa na nusu hisa itakuwa shilingi mbili."

"Najua, Mama Lugano."

"Na sisi kwa siku tunaruhusiwa kuuza robo tu." Hiyo ni sheria ya robo: mwenye hisa za kampuni changa hauzi zaidi ya robo ya alizonazo kwa siku, ili watu wasikanyagane mlangoni. "Jumatatu robo, Jumanne robo, Jumatano, Alhamisi. Tupe hizo siku nne, Sista. Nne tu. Alhamisi saa tisa sema utakavyo, hata utukane."

"Na hizo robo mtamuuzia nani?"

"Atakayenunua."

"Atakayenunua ni mtu! Ana jina, ana nyumba, atanunua takataka!"

"Na sisi hatuna majina?" Mama Lugano hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mama Neema ana ada ya mtoto wa chuo humo. Dada yetu huyu amefiwa juzi, rambirambi yote imo humo. Sista, tuambiane ukweli. Sisi hiyo sayansi ya wadudu hatuijui. Hatukununua migomba. Tulinunua mdomo wako."

Tusekile akawatazama mmoja mmoja. Watu aliowazalisha walikuwa mbele yake. Watu wa Kijiwe walikuwa taa.

"Sitasema uongo," akasema mwishowe. "Nikiulizwa, sitasema uongo."

"Nani amekuomba uongo? Na hata ungetaka, kidude kingekuumbua. Kaa kimya. Lakini uwepo. Usipoonekana watashtuka, bei itaporomoka. Wewe kaa tu pale, jina lako lionekane."

Akakubali. Na ili aweze kujitazama kwenye kioo akajiwekea sharti lake mwenyewe: yeye hatauza. Hisa zake zote, akiba ya miaka thelathini na minne ya zamu, zitaoza pamoja na migomba. Aliona huo ndio usafi. Wala hakumwambia mtu, maana alitaka lijulikane kwake na kwa Mungu wake tu.

* * *

Jumatatu alikaa. Jumanne alikaa. Jina lake likaonekana, taa yake imezimika, watu wakabishana juu ya kichwa chake. Mtu wa Songea akasema ameona mtu anauza hisa nyingi kutoka upande wa Tukuyu, je kuna nini? Mwingine akamjibu acha roho mbaya, watu wana harusi, wana misiba, ingekuwa kuna kitu Sista angesema. Kijani. Alikuwa anaamini, masikini.

"Sista yupo, si mnamuona? Sista akinyamaza maana yake kuzuri." Kijani.

Tusekile akazima jiko, maana alikuwa ameunguza maharage.

Jumatano, saa tisa na dakika thelathini na tano, Mzee Stesheni akaomba nafasi. Hakuanza na mzaha, na hilo peke yake liliwafanya watu wanyamaze.

"Leo nataka kusema kwa adabu," alisema. "Miaka minne ninawapinga. Juzi nimekaa na madaftari yangu yote tisa. Nimekagua kila aliyewahi kusema humu. Wote mna njano. Mimi mwenyewe nina njano arobaini na moja, siku zile nimetoka kuumwa nilikuwa sijui ninachosema. Mtu mmoja tu hana. Sista Tuse. Mara mia tisa tisini na tisa amesema, mara mia tisa tisini na tisa kijani." Akakohoa. "Sikilizeni, migomba haijanishawishi. Hata leo naona ni kichekesho. Aliyenishawishi ni huyu mama. Nikasema, Bukuru, utakufa na ubishi wako, na hicho kiinua mgongo watakigombania wanao kwenye matanga. Basi. Nina swali moja tu kwake."

"Uliza, mzee," watu wakasema. Walikuwa wamefurahi kama wanaomwona mlevi akiokoka.

"Sista, umeuza?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Angeweza kusema, mzee, usinunue. Maneno mawili. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza mbele ya swali kungekuwa jibu. Simu yake ikatetemeka pembeni ya bakuli. Mama Lugano: "Imebaki robo moja tu. Kesho asubuhi. Tafadhali mama yetu."

Na lile sharti lake, lile la usafi, likamjia mdomoni lenyewe. Lilikuwa kweli. Mungu alijua ni kweli.

"Sijauza hata moja," akasema.

Kijani. Kijani iliyoshiba, isiyo na hata kivuli.

Watu wakapiga vigelegele. Mtu wa Songea akaimba. Hisa ikagonga mia tatu na arobaini.

"Basi treni imefika," akasema Mzee Stesheni, na alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Wacha nipande. Nani atanishika mkono, nina miaka sabini na moja!"

Tusekile akafungua mdomo. Mimi ninayesimulia nataka hilo liandikwe: alifungua mdomo. Ukabaki wazi kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha akaufunga, akainuka, akaenda kuosha bakuli lililokuwa safi.

* * *

Alhamisi saa nne asubuhi robo ya mwisho ya wanawake kumi na tisa ilipata mnunuzi. Saa tisa kamili Tusekile akasema.

Alisema yote bila kupumzika: siku ya nane, lori la migomba, harufu, panga, udongo wa kijivu, karatasi ya kufunga mdomo, mashamba mia mbili yanayosubiri sindano. Kila sentensi iliwaka kijani. Mwanzoni watu walidhani ni mzaha, kisha wakaacha kudhani, na alipofika kwenye minyoo hakukuwa na anayesikiliza. Walikuwa wanakanyagana mlangoni, kila mmoja na robo yake. Mia tatu na arobaini ikawa mia. Ikawa thelathini. Saa tisa na nusu ilikuwa shilingi nne, na huko hakukuwa na mnunuzi.

Matusi yalikuja kwa lugha zote. Alikaa akayapokea. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, tena aliyatamani kidogo.

Kisha Mzee Stesheni akaomba nafasi.

"Sista, samahani. Kuna sehemu kwenye daftari imebaki wazi. Naomba unisaidie nijaze." Sauti ilikuwa ya kazini, ya mtu aliyeshika kalamu. "Ulikwenda shambani siku gani?"

"Jumamosi."

Kijani.

Kijiwe kikatulia. Ule utulivu ulienea jina kwa jina, kadiri kila mtu alivyokuwa akihesabu vidole.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mzee wangu."

"Naandika. Kwa hiyo jana, nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kijani.

Ilisikika karatasi ikifunuliwa kule Kigoma. "Ninayo hapa. Jumatano, saa tisa na dakika arobaini. Msemaji, Sista Tuse. 'Sijauza hata moja.' Kijani." Kalamu ikasikika ikigonga meza. "Ni kweli lakini? Hukuuza?"

"Sikuuza. Mpaka leo ninazo zote. Zimenifia mkononi." Alikuwa analia sasa. "Nisamehe, baba. Kulikuwa na wanawake kumi na tisa, mimi ndiye niliyewazalisha, walisema siku nne tu. Nisingeweza..."

"Ungeweza kuniambia nisubiri."

"Ndiyo."

"Neno moja. Ningeelewa, mimi ni mtu wa reli, naelewa kusubiri."

"Ndiyo, baba. Ningeweza."

Kijani.

"Haya," akasema mzee. Hakuwa na hasira, na Tusekile angetoa chochote apate hasira yake. "Miaka thelathini na minane nimepitisha treni kwa taa ya kijani. Sikuua mtu hata mmoja. Kabla ya kuinua taa nilikuwa natoka nje kwa miguu yangu, naitazama njia. Hata mvua inyeshe, natoka. Safari hii nimeona taa nikasema inatosha."

Jina lake likazimika.

Mara hiyo hiyo, juu ya kioo cha kila mtu, mitambo ya Kijiwe ikatoa tangazo lake yenyewe, maana haikuwa na adabu ya kungoja. Ilimpongeza Sista Tuse kwa kupita kauli elfu moja bila doa. Kuanzia leo jina lake lingekuwa na alama ya dhahabu, ya Sauti Safi, ya kwanza kutolewa nchini. Kauli ya elfu moja, ilisema mitambo, ilitolewa jana, Jumatano, saa tisa na dakika arobaini.

* * *

Ijumaa asubuhi wanawake walikuja na mchele, sukari na kitenge cha wax, wakaviweka mezani bila maneno mengi. Mama Lugano alimshika mkono, akaushika muda mrefu. Hakumtazama usoni. Hakuna aliyeketi kunywa chai.

Walipoondoka, Tusekile akapiga simu Kigoma mara tano. Mara ya sita alipokea mwanamke, binti wa mzee bila shaka, akasema baba yuko nje anachoma takataka.

"Takataka gani?"

"Madaftari. Wewe ni nani?"

Akashindwa kulitaja jina lake, akakata.

Saa tano simu ikaita. Kijana mwenye sauti ya adabu, shikamoo mama mara mbili, kampuni changa, wanafuga samaki kwenye ukungu wa milimani bila bwawa. Walikuwa wamemsikiliza jana. Mtu aliyeacha mali yake yote ife kuliko kusema uongo! Nchi hii inawahitaji watu kama yeye.

"Hatuombi useme chochote, mama yangu," alisema kijana. "Tunaomba tu uje ujionee kwa macho yako. Utashika unachotaka."

Tusekile akaweka simu chini taratibu, kijana bado anaongea.

Shahidi alikuwa kwenye kisahani chake karibu na chumvi. Akakichukua kidude, akakibandika chini ya taya. Kioo kikawaka, na jina lake likatokea likiwa limezungushiwa dhahabu. Hakukuwa na mtu kwenye Kijiwe saa ile. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuona ile rangi ambayo hakuwahi kuipata, imwakie usoni, imfungie nje, walau kitu kimoja duniani kimwambie kuwa ni mwongo.

"Sikumdanganya yule mzee," akasema.

Akangoja, ameshika ukingo wa meza.

Kijani.

"Sikumdanganya," akasema tena kwa nguvu, kama anavyomwambia mzazi asukume. "Mimi sikumdanganya!"

Kijani. Kijani. Akaendelea kusema hadi sauti ikakauka, na kidude kikaendelea kumkubalia.